Alikuja jumuiya mara mbili, mara ya tatu hakuja

*Swali:* "Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo huku Kayole, Nairobi. Tuko familia kumi na sita. Wiki sita zilizopita familia ya Wakongo ilihamia ploti yetu: baba, mama na watoto watatu. Mama ni Mkatoliki, tunamwona Misa ya kwanza kila Jumapili, lakini hana cheti cha ubatizo wala karatasi yoyote ya kanisa. Anasema zilibaki kule Kivu walipokimbia. Mume anasali kwa Wapentekoste. Nilipowaalika jumuiya, wenzangu waligawanyika. Wengine wanasema hatujui kama wako nchini kihalali, polisi wakija tutasumbuliwa sisi. Mmoja anasema wakimbizi hulipwa na UN kila mwezi, kwa hiyo wasitubebeshe mzigo. Katibu anauliza atamwandika vipi kwenye rejista bila cheti, na mweka hazina anauliza kama atatoa michango kama sisi. Yule mama alikuja mara mbili, akaketi karibu na mlango, kimya. Mara ya tatu hakuja. Tumekosea wapi, na Kanisa linataka tufanye nini?"

Milele na milele, amina. Mama mwenyekiti, umeleta maswali manne: karatasi za serikali, pesa za UN, cheti cha ubatizo na michango. Nitayajibu yote. Lakini lililo zito zaidi ni lile uliloliweka mwishoni, kwamba mara ya tatu hakuja. Tuanze na hilo, kwa sababu hayo manne yanaweza kunyooka yote na bado mama huyo asirudi.

Jumuiya yenu inamhesabu kuwa mgeni, lakini kwa sheria ya Kanisa si mgeni. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa 1983, kanuni ya 102, unasema mtu akikaa ndani ya mipaka ya parokia akiwa na nia ya kukaa miezi mitatu, amekwisha kupata makao ya kisheria katika parokia hiyo. Hahitaji kuisubiri hiyo miezi mitatu iishe, nia inatosha. Kanuni ya 107 inaongeza kwamba hata asiye na makao popote anaye paroko wake, naye ni paroko wa mahali alipo siku hiyo. Kwa hiyo siku ile walipoteremsha godoro kwenye ploti yenu, Baba Paroko wenu alikuwa tayari paroko wa mama huyo. Na kanuni ya 529, inapotaja watu ambao paroko anapaswa kuwatafuta kwa bidii ya pekee, inawaweka pamoja maskini, wenye huzuni, wapweke, na waliofukuzwa katika nchi zao. Imeandikwa hivyo hivyo.

Nakuambia haya ili ubadilishe swali mnaloulizana. Wanajumuiya wanauliza, "Tuwakubali au tusiwakubali?" Swali hilo halipo mbele yenu, maana mama huyo ni mwanaparokia kama wewe. Mnachoweza kuamua ni kama ataishi humo kama mwenye nyumba au kama mtu anayebisha hodi kila wiki.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huisikia methali hii kama njia ya adabu ya kumfukuza mgeni. Mimi naisikia tofauti. Jembe lilikuwa ishara kwamba umekuwa wa nyumba hii, una sehemu yako shambani, na ukikosekana pengo litaonekana. Mama yenu amekuja siku mbili. Siku ya tatu hakupewa jembe.

Sasa tazama kikao cha kawaida cha jumuiya kwa macho yake. Anafika, anapewa kiti karibu na mlango. Sala ni kwa Kiswahili, anafuata vizuri. Anajaribu kutoa nia ya sala, anasema "batoto" badala ya "watoto", kijana mmoja anatabasamu. Hakutabasamu kwa ubaya, lakini mama ameona. Kiswahili cha Kivu kina sura yake, nacho ni Kiswahili cha watu wengi sana, hakijaharibika. Baada ya sala yanakuja matangazo, na hapo lugha inateleza: mzaha kwa Kikuyu, jibu kwa Kikamba, kisha vicheko. Yeye anacheka sekunde mbili baada ya wengine. Halafu mweka hazina anafungua daftari na kusoma majina: fulani ametoa, fulani bado. Jina lake halimo, na nafuu hiyo ni aibu pia. Mwisho mwenyekiti anauliza, "Wiki ijayo ni zamu ya nani?" Zamu inazunguka nyumba kwa nyumba. Yeye ana chumba kimoja, kitanda kimoja, vikombe viwili. Anapiga hesabu ya viti kumi na sita na chai ya watu kumi na sita, na hapo ndipo anapoamua asirudi.

Hakuna aliyemfukuza. Ni mwenendo wa kikao uliomfukuza, na mwenendo unaweza kurekebishwa jioni moja.

Anza na lugha, maana haigharimu chochote. Mkubaliane, yeye asiwepo, kwamba kuanzia ishara ya msalaba ya kwanza hadi ya mwisho, matangazo yakiwemo, ni Kiswahili tu. Atakayeteleza akumbushwe kwa upole. Kisha daftari la michango lisisomwe kwa sauti tena, kwa mtu yeyote, si kwa ajili yake peke yake. Mweka hazina azungumze na kila familia faraghani. Mtagundua kuna Wakenya wawili watatu kwenye jumuiya yenu waliokuwa wakiumizwa na daftari hilo bila kusema.

Halafu mpe sehemu. Kama mnasoma Injili kwa zile hatua saba zilizotoka Lumko, taasisi ya Kikatoliki kule Afrika Kusini, hatua ya tatu inamfaa sana mtu anayeona haya: kila mmoja huchagua neno au kifungu kifupi katika somo na kukirudia kwa sauti, basi, bila maelezo. Anayeweza kusoma anaweza kushiriki. Wiki inayofuata mpe somo lenyewe, lakini umpelekee siku mbili kabla ili alizoee, maana huenda amezoea kusoma Biblia kwa Kifaransa. Wiki ya tatu mwombe aanzishe wimbo anaoujua.

Na muulize jambo moja: "Kule kwenu ulisali shirika gani?" Katika sehemu nyingi za Kivu, jumuiya ndogo ndogo huitwa shirika. Utaona uso wake ukibadilika, kwa sababu kwa mara ya kwanza umemuuliza kitu anachokijua. Maaskofu wa Kongo waliamua kujenga uchungaji wao juu ya jumuiya hizi mwaka 1961, na maaskofu wetu wa AMECEA, umoja wa maaskofu wa Afrika Mashariki, walilifanya kuwa jambo la kipaumbele katika miaka ya 1970. Si ajabu mama huyo alikuwa kiongozi kule, mlezi wa watoto au msimamizi wa wagonjwa, na ninyi mnamweka mlangoni kama mwanafunzi. Akifanya jambo tofauti kanisani, msimcheke. Misa ya Kongo, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, ina tendo la toba baada ya mahubiri na Nasadiki, si mwanzoni, na amani hutolewa papo hapo. Yaani kwanza husikiliza Neno, ndipo hutubu.

Zamu ya nyumbani kwake isirukwe. Hapa jumuiya nyingi hukosea kwa nia njema: "Tusimsumbue, tumruke." Ukimruka umemwambia nyumba yake haifai kuombewa. Lakini usimwache na mzigo pia. Tangaza kwa wote, mwezi mzima kabla, kwamba kuanzia sasa kila mtu anakuja na kigoda chake na hakuna chai mahali popote, isipokuwa sikukuu. Kwake itahitajika meza ndogo, kitambaa, mshumaa na msalaba. Chumba kisipowatosha, wengine waketi koridoni.

Niwaonye kuhusu kosa la upande wa pili. Kumpa jembe si kumpa ufagio. Nimekwisha kuona wazo hili likigeuka: mama mkimbizi "anashirikishwa" kwa kuosha vyombo, kupiga deki kanisani, kubeba viti, huku somo na uongozi vikibaki kwa wenyeji. Na wanajumuiya wakimwita kufua nguo, wamlipe bei ile ile wanayomlipa Mkenya mtaani. Katekisimu, namba 1867, inataja dhambi zinazolilia mbinguni. Kilio cha mgeni, mjane na yatima kimo, na dhuluma kwa mfanyakazi katika ujira wake imo. Anayemlipa mkimbizi nusu kwa kuwa hana pa kushtaki ameyashika yote mawili kwa mkono mmoja.

Sasa cheti cha ubatizo. Kwanza mwambie katibu kwamba kumwandika mtu kwenye rejista ya jumuiya hakuhitaji cheti. Andika jina, simu kama ana simu, na siku aliyojiunga. Na hakuna anayeombwa cheti kwenye mstari wa Komunyo. Cheti kinahitajika kwa Kipaimara, ndoa, na watoto wanapoandikishwa kwa Komunyo ya kwanza. Hata hapo, kukosa karatasi hakumfungii mtu mlango. Kanuni ya 876 inasema, kama hakuna anayedhurika, shahidi mmoja anayeaminika anatosha kuthibitisha ubatizo. Kama mtu alibatizwa akiwa mtu mzima, kiapo chake mwenyewe kinatosha. Kwa Kipaimara sheria ni hiyo hiyo.

Kwa hiyo aende na katekista ofisini kwa paroko akiwa ameandika haya kwenye karatasi: jina la ubatizo, majina ya wazazi, parokia na jimbo, mwaka hata wa kukadiria, na msimamizi wake. Kisha atafutwe shahidi: ndugu, jirani wa zamani, mtu wa shirika lake. Wakongo wa Nairobi wanajuana kuliko mnavyodhani, hasa kupitia kwaya. Ofisi ya parokia inaweza pia kuandikia parokia yake ya zamani kupitia ofisi ya jimbo. Jibu likija linaweza kujibu maswali mawili, kwa sababu ndoa ya kanisani huandikwa pia kwenye rejista ya ubatizo wa mhusika. Msikubali mtu yeyote aseme, "Abatizwe tu upya tumalize." Ubatizo hauna marudio. Ikiwa baada ya uchunguzi wa kweli shaka inabaki, kuna ubatizo wa masharti, yaani unaotolewa kwa sharti kwamba mtu hakuwa amebatizwa, na uamuzi huo ni wa paroko, si wa jumuiya.

Mume aachwe na imani yake. Anakaribishwa kwenye sala, anaweza kusoma, anaweza kuomba. Hapokei Komunyo kwetu, na hilo pengine analijua tayari. Msimfanye kuwa mradi wa kuongoka. Wala msiulize hadharani kama wamefunga ndoa, hilo ni la mama na paroko.

Kuhusu michango, sheria inashika pande zote mbili. Kila mwamini ana wajibu wa kulitegemeza Kanisa, naye pia, kwa kadiri ya uwezo wake, hata kama ni shilingi ishirini. Lakini kanuni ya 848 inataka wahitaji wasinyimwe sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Ile kauli ya "asiyetoa hatutamzika" haina mguu wa kusimamia.

Polisi. Hofu ya wenzako si upuuzi, na usiwajibu kwa kuwaita watu wasio na imani. Sheria ya uhamiaji ya 2011 inakataza kumficha mtu unayejua yuko nchini kinyume cha sheria. Lakini kuketi na mtu kwenye sala, mlango wazi, majirani wakisikia nyimbo, si kumficha. Na kuna sheria nyingine inayomhusu yeye hasa: Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022. Aliyekimbia hatari anapaswa kujitambulisha kwa maafisa ndani ya siku 30 tangu aingie nchini. Akishaandikishwa na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, hupewa hati ya mwomba hifadhi inayomruhusu kukaa wakati ombi lake linachunguzwa, na hawezi kurudishwa kule anakohatarishwa. Kwa hiyo mkimbizi si mhalifu, lakini anazo taratibu za kufuata, na Katekisimu yenyewe, namba 2241, inamtaka mgeni aheshimu sheria za nchi iliyompokea.

Mnapaswa kufanya nini? Msiulize karatasi kwenye kikao. Jumuiya si kituo cha polisi. Wewe, faraghani, muulize hivi: "Mambo ya karatasi, kuna mtu anayewasaidia?" Kama zipo na hazijaisha muda, mkumbushe tarehe ya kuzihuisha, maana wengi hukamatwa kwa hati iliyoisha wiki moja iliyopita. Angalia pia kama watoto wote watatu wameandikwa humo. Kama hazipo, au zile siku 30 zimepita, au wameandikishwa kambini na hawana kibali cha kuishi Nairobi, usiwapeleke ofisi yoyote kwa kubahatisha. Wapate ushauri wa wakili kwanza. Refugee Consortium of Kenya na Kituo cha Sheria hutoa msaada wa kisheria bila malipo, na Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, lililoanzishwa na Padre Pedro Arrupe mwaka 1980, linafanya kazi Nairobi. Uandikishaji wa wakimbizi ni bure. Anayedai pesa "kuharakisha" ni tapeli, awe amevaa tai au hajavaa.

Tafadhali, msipige picha za familia hii na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la parokia, hata kwa kujivunia ukarimu wenu. Hamjui ni nani anayewatafuta.

Hadithi ya pesa za UN inatokana na kuchanganya mji na kambi. Chakula cha mgao hutolewa Kakuma na Dadaab, na hata huko kimepunguzwa sana. Nairobi hakuna mgao wa kila mwezi kwa kila mkimbizi. Wachache walio katika hali mbaya zaidi husaidiwa, tena kwa muda. Wengine wanakula walichopata siku hiyo, kama majirani zenu wengi.

Msaada wa vitu basi utolewe, lakini kwa mpango. Mkiwa familia kumi na sita, kila moja ikitoa kitu kimoja mara moja, mnapata shehena ya kutosha: pakiti kadhaa za unga za kilo 2, maharagwe, mafuta, sabuni, sufuria, blanketi mbili, sare ya shule iliyomwacha mtoto wenu. Pakiti moja ya unga ni ugali wa siku mbili au tatu tu kwa watu watano, kwa hiyo msitoe unga na kudhani mmemaliza mwezi. Kodi msiahidi. Ni mzigo unaorudi kila tarehe tano, na jumuiya ikichoka mwezi wa tatu, aibu na lawama huingia pande zote mbili. Kama kodi ndiyo tatizo, lipelekeni kwa Caritas, kikundi cha misaada cha parokia. Kinachosaidia zaidi kuliko unga ni kumjulisha na watu: nani anaajiri mshonaji, shule gani ya serikali ina nafasi. Elimu ya msingi ya bure ni haki ya kila mtoto chini ya kifungu cha 53 cha Katiba, akiwemo mtoto wa mkimbizi. Mzazi mmoja wa jumuiya amsindikize kwa mwalimu mkuu.

Yapo mambo yanayozidi uwezo wa jumuiya. Msimwombe kamwe asimulie alivyokimbia, hata kama ni "ushuhuda". Kivu imeona vita kwa karibu miaka thelathini, na wanawake wamebeba sehemu mbaya zaidi. Akianza mwenyewe, msikilizeni na yasitoke pale. Ukiona hapati usingizi usiku, mtoto ameacha kusema au amerudi kukojoa kitandani, au mtu anatamka kwamba afadhali kufa, mpelekeni hospitalini na mwambieni paroko siku hiyo hiyo. Kukiwa na kubakwa, hata hapa mtaani, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi ni lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Nambari 1195 ni ya msaada kwa ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya watoto. Mkimkuta mtoto asiye na mzazi wala mlezi, msimgawe kwa familia yenye nafasi. Nendeni kwa afisa wa watoto.

Kwa wiki hii, fanya jambo moja. Jumamosi alasiri nenda kwake na mama mmoja tu wa jumuiya, mkiwa na kilo ya sukari na majani ya chai. Msikae zaidi ya nusu saa, na msalimieni mume kwanza kama yupo. Usimuulize kwa nini hakuja. Mpe karatasi yenye somo la wiki ijayo, mwambie yeye ndiye atakayelisoma, kisha umuulize kule Kivu shirika lake lilikuwa na msimamizi mtakatifu yupi.